Kuhamisha ofisi ya sebuleni si mchezo

Msomaji, ikiwa kompyuta ya nyumbani kwako ina umri wa miaka minane au tisa, yamkini ujumbe uliotubishia hodi sisi ulikufikia nawe. Ulitokea kwenye skrini asubuhi moja ya Septemba 2025, mume wangu alipokuwa akimalizia hesabu za mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ulisema kwamba baada ya Oktoba 14, 2025, Windows 10 haitahudumiwa tena, na kwamba kompyuta yetu haikufikia masharti ya kupokea Windows 11. Mume wangu aliusoma mara mbili, akaufunga, akaendelea na kazi. Baada ya siku chache ukarudi.

Ofisi yake ni pembe ya sebule, kati ya kabati la vyombo na dirisha. Hapo pana meza, printa, mafaili ya risiti na kompyuta ya mezani tuliyoinunua ikiwa tayari imetumika ng'ambo, zile ambazo wauzaji wa Nairobi huziita ex-UK. Usiidharau pembe hiyo. Ndiyo inayolipa karo ya watoto wetu wawili. Tangu apunguzwe kazi, mume wangu huwawekea vitabu vya hesabu wafanyabiashara wadogo sita na chama kimoja cha akina mama, na vyuo vinapokaribia kufunga mwaka huwachapia wanafunzi tasnifu zao. Kompyuta ikilala siku tatu, mapato nayo hulala.

Basi tulihama. Tulitoka Windows tukaingia Linux, na shughuli niliyodhani ingechukua wikendi moja ilianza Novemba ikaisha mwisho wa Januari. Nakuandikia haya kwa sababu maelezo mengi niliyosoma kabla ya kuhama yaliandikwa na watu wenye kompyuta mbili tatu, wasio na mteja anayengoja mlangoni.

Dereva na abiria

Chukua mfano wa matatu. Chuma, viti na injini ndiyo kompyuta yenyewe, ile unayoweza kuigusa. Dereva ni programu kuu inayoamka kwanza unapobonyeza swichi, ikaongoza mengine yote. Wataalamu huiita mfumo wa uendeshaji. Windows ni dereva mmoja. Kompyuta za Apple zina dereva wao, macOS. Linux ni wa tatu. Abiria ni programu unazofanyia kazi: ya kuandikia barua, ya hesabu, ya kusomea barua pepe. Ukimbadilisha dereva gari linabaki lilelile, ila wapo abiria watakaokataa kupanda, kwa kuwa walitengenezwa kusafiri na dereva mmoja tu. Taabu ya kuhama, karibu yote, inatokana na abiria hao.

Windows 10 ilianza kutolewa Julai 2015. Huduma ilipokoma miaka kumi baadaye, hakuna kompyuta iliyozimika. Kilichokoma ni ukarabati wa bure wa kila mwezi, wa kuziba mianya ambayo wezi huvumbua kila uchao. Ni kama nyumba ambayo fundi wake wa kufuli amestaafu: mlango unafungika kama kawaida, lakini mwizi akipata ufunguo bandia hakuna wa kuja kubadili kitasa.

Microsoft iliwapa watumiaji wa nyumbani mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa aliyekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake katika akaunti yake ya kampuni hiyo. Kwa familia nyingi hilo lilikuwa shauri jema, na wala simlaumu aliyelichukua. Mume wangu aliliona kama kuahirisha kwenda kwa daktari wa meno.

Jirani yetu naye aliuliza swali ambalo huenda nawe unalo: kwani mkiendelea hivyo hivyo kutakuwa na nini? Kama kompyuta ni ya watoto kutazamia katuni, labda si mengi. Lakini katika ile yetu mna majina, nambari za vitambulisho na nambari za simu za wanachama wote wa kile chama, pamoja na taarifa za benki za watu sita ambao walimwamini mume wangu. Tangu mwaka wa 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na sheria hiyo haimuulizi mtu kama ofisi yake iko ghorofani mjini au kando ya kabati la vyombo.

Windows 11 ilitukataa kwa sababu mbili. Inataka kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0, na kwa mashine zenye ubongo wa Intel hutaka, kwa jumla, kizazi cha nane kuendelea. Wetu ni wa saba. Fundi mmoja alijitolea kuipenyeza kwa njia ya mlango wa nyuma, jambo ambalo kweli huwezekana, ila Microsoft yenyewe haiahidi kwamba mashine iliyopenyezwa hivyo itapata marekebisho. Kompyuta mpya ingemeza karo ya muhula mzima. Ya Apple ingemeza ya mihula miwili na zaidi. Tulibaki na Linux, ambayo bei yake ni gharama ya kuipakua tu.

Usiogope jina hilo. Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, mwenye umri wa miaka 21. Kiini chake ndicho kinachoendesha simu za Android, kwa hivyo inawezekana umekuwa ukiibeba mfukoni bila kujua. Huja kwa sura nyingi. Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2004, ilianzishwa na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, yule aliyekwenda angani mwaka wa 2002 kwa fedha zake mwenyewe. Sisi tulichagua Linux Mint, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu, kwa sababu ndogo sana: kitufe cha kuanzia kiko chini upande wa kushoto, mahali ambapo mkono wa mume wangu umekuwa ukikitafuta kwa miaka ishirini.

Daftari la mwezi mmoja

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa la kalamu na karatasi. Kwa mwezi mzima wa Novemba mume wangu aliandika katika daftari la watoto kila programu aliyoifungua na kazi aliyoifanyia. Mimi nilidhani ni kupoteza wakati. Ndiyo siku zote zilizotumika vizuri kuliko zote.

Daftari lilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kazi yake haikuhitaji Windows hata kidogo. Tovuti ya kodi, benki, WhatsApp, barua za wateja, yote hayo hufunguka ndani ya kivinjari, na kivinjari cha Firefox kwenye Linux ni kilekile cha Windows. Tasnifu na barua zingeweza kuhamia LibreOffice, programu ya bure ya ofisini iliyojitenga na OpenOffice.org mwaka wa 2010. (Hapa niseme jambo kando. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wake wa Kilinux, kilitoa OpenOffice iliyotafsiriwa kwa lugha yetu, ikaitwa Jambo OpenOffice. Sisi tunaojivunia Kiswahili magazetini tungali tunabonyeza maneno ya Kiingereza kila siku.)

Abiria wawili walikataa kupanda. Mmoja ni fomu ya ofisi moja ya umma, iliyotengenezwa kwa Excel, ikiwa na amri ndogo ndogo zilizofichwa ndani yake ziitwazo makro. LibreOffice iliifungua, lakini vitufe vyake havikuitikia. Wa pili alikuwa mkubwa: programu ya hesabu aliyoitumia tangu 2019, ambayo haijatengenezewa Linux. Vitabu vya wateja wake vyote vimo humo.

Hapo ndipo tulipokaribia kuangamia, na ningependa usome kwa makini. Programu ile ina kitufe cha kuhifadhi nakala. Mume wangu alikibonyeza, likatoka faili moja kubwa, akalitia kwenye flashi, akasema tumemaliza. Mpwa wangu, anayesomea mambo ya kompyuta, alikuja siku ya Jamhuri kula pilau. Akauliza swali moja: "Mjomba, faili hili linafunguliwa na nini?" Jibu lilikuwa kwamba linafunguliwa na programu ileile tuliyotaka kuiacha. Tulikuwa tumefunga mali yote ndani ya sanduku na kuuacha ufunguo katika nyumba tunayohama. Kisheria, mfanyabiashara wa Kenya anatakiwa kutunza rekodi zake za kodi kwa miaka mitano. Hebu fikiria kumweleza mtu kwamba vitabu vyake vya 2022 vipo, ila havisomeki.

Kwa hivyo ikabidi zitolewe upya, mteja kwa mteja, mwaka kwa mwaka. Kila leja ilitolewa mara mbili: kwa PDF, ambayo ni kama picha ya karatasi, isomekayo popote, na kwa CSV, maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa alama za mkato, ambayo karibu kila programu ya hesabu huweza kuyapokea. Zilikuwa faili zaidi ya mia mbili. Alizitoa usiku, watoto wakiwa wamelala, kwa wiki moja na nusu.

Kisha akazijaribu, na ashukuriwe Mungu kwamba alizijaribu. Jumla za mwaka za duka la vifaa vya ujenzi zilikuwa sawasawa, lakini jumla za miezi hazikulingana kabisa na za zamani. Mwezi wa Mei ulijaa mauzo ambayo hayakuwa yake. Alikesha akitafuta mwizi wa tarakimu, na mwizi alikuwa tarehe. Sisi huandika siku kwanza, mwezi baadaye; programu iliyopokea ilikuwa imewekwa kwa desturi ya Marekani, mwezi kwanza. Tarehe 5 Machi ikasomwa Mei 3. Siku zilizozidi 12 hazikuweza kugeuzwa, kwani hakuna mwezi wa kumi na tatu, zikabaki kama maneno tu. Ukifungua faili la CSV katika LibreOffice dirisha hutokea kabla ya faili, watu hulibonyeza haraka lipite. Usilipite. Humo ndimo unamochagua safu ipi ni tarehe na inaanza na nini. Humo pia ndimo unamoambia safu ya simu kwamba ni maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo inatoweka katika kila nambari, na wanachama wa chama wakawa na simu zisizopigika.

Nakala zilikuwa mbili, kwenye diski mbili za nje. Moja ilikaa kabatini kwetu. Nyingine tuliipeleka kwa wifi, na hapa simaanishi intaneti bali dada halisi wa mume wangu, anayeishi mtaa mwingine. Moto au mwizi haugongi nyumba mbili usiku mmoja.

Barua pepe ilikuwa na mtego wake. Barua za miaka kumi hazikuwa kwa kampuni inayotuhudumia, zilikuwa zimeteremshwa zikakaa ndani ya mashine peke yake. Aliibadili akaunti itumie njia iitwayo IMAP, ambapo barua hubaki upande wa mtoa huduma na wewe unazitazama tu, akazirudisha huko pole pole, kisha akazifungua upande wa pili kwa programu ya Thunderbird. Nywila za kivinjari alizitoa kwa faili akazihamisha, halafu akalifuta faili lile mara moja, kwa maana nywila humo huandikwa waziwazi kama orodha ya sokoni. Na wewe, kabla hujagusa chochote, tazama kama diski yako imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa imefungwa, tafuta ule ufunguo mrefu wa tarakimu 48 uuandike mahali. Wapo waliolia kwa kulisahau hilo.

Siku ya kuhama

Linux unaweza kuionja kabla ya kuila. Unapakua faili lake, gigabaiti tatu hivi, unalitia kwenye flashi kwa programu maalumu, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, na Linux inaamka bila kugusa diski yako. Tuliionja kwa siku nne. Sauti ilikuwa nzuri. Intaneti, ambayo kwetu huja kwa waya, ilipatikana papo hapo. Skrini ilikuwa sawa. Printa hatukuijaribu kwa kuwa karatasi zilikuwa zimekwisha na nikasema nitanunua kesho. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Badala ya kufuta Windows tulinunua diski nyingine, ndogo, ya aina ya SSD isiyo na sahani inayozunguka. Mpwa wangu alifungua kasha la kompyuta, akachomoa waya wa diski ya zamani, akachomeka mpya. Huo waya kuchomolewa ulinipa usingizi. Mtu hata akibonyeza vibaya wakati wa kuweka mfumo mpya, hawezi kufuta diski ambayo haimo. Kazi yenyewe ilichukua chini ya nusu saa. Kisha waya wa zamani ukarudishwa. Sasa kompyuta ina madereva wawili, na mume wangu huchagua asubuhi nani aendeshe.

Kasi iliongezeka hata watoto wakaja kutazama. Lakini nisikudanganye kama wanavyodanganya wengine: sehemu kubwa ya kasi hiyo ni ya diski mpya. Windows ileile ikiwekwa kwenye SSD ingekimbia pia.

Vitabu vilihama Januari 1, 2026. Hakuchagua siku hiyo kwa sababu ya mwaka mpya. Hesabu zilifungwa Desemba 31 upande wa zamani, urari ukachapwa, na salio la kila akaunti likawa salio la kufungulia upande mpya, katika programu ya bure iitwayo GnuCash. Ukihama katikati ya mwezi utakuwa na nusu huku, nusu kule, na wewe mwenyewe hutajua uko wapi. Ile fomu yenye makro hujazwa mara moja kwa mwezi upande wa Windows, waya wa intaneti ukiwa umechomolewa, kisha faili huvushwa kwa flashi na kupelekwa mtandaoni kutoka Linux.

Kioja cha kwanza kilikuwa saa. Alipoingia Windows kujaza fomu hiyo, saa ya ukutani ikiwa nne asubuhi, kompyuta ilisema ni saa moja. Akadhani betri ndogo ya ndani imekufa. Kumbe madereva hawa wawili hawakubaliani: Linux huitunza saa ya mashine kwa wakati wa dunia, ambao uko nyuma ya Nairobi kwa saa tatu, na Windows huisoma ikidhani ni ya hapa. Amri moja iliiambia Linux itunze saa ya nyumbani, yakaisha.

Cha pili hakikuwa kioja. Jumatatu ya pili ya Januari mwanafunzi mmoja alikuja kuchukua tasnifu yake ya kurasa 84. Alikuwa na hadi saa kumi jioni kuiwasilisha. Mume wangu akabonyeza chapa. Printa ikawaka taa, ikanyamaza. Mara ya pili, kimya. Kijana alikuwa ameketi kwenye kochi letu, begi magotini, akitazama saa bila kutaka aonekane anaitazama. Ilikuwa ile printa ambayo hatukuijaribu kwa sababu ya karatasi zangu za kesho.

Mume wangu aliigeuza tasnifu kuwa PDF, akaitia kwenye flashi, wakatoka mbio na kijana hadi saiba ya karibu na kituo cha matatu. Alilipa kuichapa kwa fedha zake. Kabla ya kuichapa waligundua kwamba yaliyomo yaliorodhesha sura ya nne ukurasa wa 51 ilhali ilianza ukurasa wa 53. Tasnifu ilikuwa imeandikwa kwa herufi za aina ya Calibri, ambazo Linux haiji nazo, na herufi zilizochukua nafasi yake zilikuwa pana kidogo. Mistari ikasukumana, kurasa zikahama. Walirekebisha yaliyomo wakiwa pale pale, wakachapa, kijana akawahi.

Jioni ile hatukusemezana vizuri. Alisema maneno ambayo nilistahili kuyasikia: kwamba mimi ndiye niliyesoma na kushawishika, nikawa nasimulia ofisini jinsi tulivyookoa fedha, lakini aliyekaa kwenye kiti ni yeye. Ilikuwa kweli. Mwezi ule wa Januari alichapa kama kurasa ishirini kwa siku, yeye aliyezoea kuchapa arobaini, kwa kuwa kila njia ya mkato ambayo vidole vyake viliijua ilikuwa imehama kidogo. Mapato ya mwezi huo yalipungua, na sehemu ya kile tulichookoa kwa kutonunua kompyuta ikatokea hapo. Katika mahesabu yangu ya Septemba sikuwa nimeandika bei ya mikono yake.

Printa ilipona Jumatano. Mtengenezaji wake alikuwa na programu yake ya Linux kwenye tovuti, ambayo tungeipata mapema kama tungeitafuta. Herufi nazo zina dawa: Carlito na Caladea, zilizotengenezwa makusudi zilingane kwa upana na Calibri na Cambria, hupatikana bure na hazisukumi ukurasa. Hata hivyo, majedwali yenye mapambo mengi na maumbo yaliyochorwa ndani ya Word bado huteleza. Ikiwa kazi yako ni kubadilishana kila siku na wateja nyaraka za aina hiyo, fikiri mara tatu. Ikiwa unaishi kwa kuchora kwa programu za Adobe, wala usifikiri, baki ulipo, kwani Photoshop na Illustrator hazijatengenezewa Linux. Mwanafunzi ambaye kazi yake ni kivinjari, maelezo ya darasani na insha, huyo anaweza kuhama alasiri moja na jioni akasahau kwamba amehama.

Kufikia Machi vidole vilikuwa vimezoea. Juma lililopita mwenye duka la vifaa vya ujenzi alipiga simu akiwa amekasirika. Mkandarasi mmoja alikuwa amesimama dukani akikana deni la saruji la Agosti 2022. Mume wangu alimwomba asikate simu. Alifungua kabrasha, akafungua mwaka, akafungua faili, nami nikawa nahesabu moyoni. Sikufika arobaini. Ankara ilikuwepo, na tarehe ilikuwa ya Agosti, siku kwanza na mwezi baadaye.

Alipoiweka simu chini aliniuliza kompyuta yangu ya kazi, ambayo bado ina Windows 10, itahama lini. Nilimwambia nina makala ya kumaliza kwanza.